Paka Waliosikiliza Sakafu

Pasua, Moshi
Jumapili mchana, mwezi wa sita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali penye jua, maana baridi ya huko mwezi huu naijua, na wewe huvai sweta mpaka usukumwe. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Yustina aliniambia umeanza tena kwenda misa ya kwanza kwa miguu. Nimefurahi, ila nimeogopa kidogo kwa sababu ya ule mteremko wa kanisani. Mimi ni mzima. Ninakula, ninafanya kazi, na mgongo umepoa kuliko mwaka jana.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, wewe simu yako unaiweka sauti ya juu, na nikiongea na wewe nakuwa naongea na ukoo mzima, mafundi wa jirani na kuku. Haya ni yako peke yako. Ndiyo maana nampa barua mkononi dada mmoja wa parokia yetu anayekuja huko likizo. Mwezi wa nne uliponiuliza mbona sauti yangu iko chini, nikakujibu ni mafua. Haikuwa mafua. Nisamehe kwa hilo. Nilikuwa nimegeuka mtu wa kuogopwa, na sikujua nikuelezeje.

Kazi yangu unaijua. Tunakaa mezani kutwa nzima kiwandani tukichambua kahawa punje kwa punje, tunatoa nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mwaka jana mgongo ukakaza hadi nikawa siwezi kuinama kuvaa viatu. Nilikwenda hospitali, daktari akasema mifupa haina shida, ni misuli, nitafute mazoezi mepesi ya kunyoosha mwili. Ndipo Mama Gilbert akasema anapajua mahali.

Mama Gilbert nimewahi kukutajia. Ni mtu wa Rombo, kutoka Mkuu, tunakaa meza moja. Nilipofika Moshi sijui mtu, ndiye aliyenitafutia chumba na kunipikia mtori, supu yao ya ndizi, nilipougua. Jumamosi moja asubuhi akanipandisha Kibosho, kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeitwa Mwalimu Ndeshi. Huyu mama alikuwa na mpangaji mzungu aliyemfundisha yoga. Mzungu alipoondoka akamwachia mikeka ya mpira na paka wawili. Paka wakazaana.

Najua utauliza yoga ni kitu gani na kama padri anaijua. Ni kunyoosha viungo polepole tu huku unavuta pumzi na kuitoa. Hakuna kuruka. Wanawake wenyewe ni watu wazima, wengine wamevaa suruali na kanga juu yake, na kabla ya kuanza wanafanya ishara ya msalaba. Tunapiga magoti na mikono chini, tunabinua mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, kisha tunaushusha. Mwisho tunalala chali, macho tumefumba, mikono wazi, kimya kabisa. Mwalimu alituambia hilo linaitwa pumziko. Baadaye nilisikia kwamba huko lilikotoka wanaita kulala kama maiti, ila yeye aliogopa kutuambia.

Tulifanyia kwenye ghala la zamani la kahawa, chini ya kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Ghala lenyewe lilikuwa ukingoni mwa korongo, kuta za mawe, sakafu ya saruji. Na paka walikuwemo humohumo. Wanane. Wakati wa mazoezi wanapita katikati yetu, wanajisugua kwenye miguu, wanakulalia tumboni. Mkubwa wao alikuwa dume la njano lenye jicho moja, wakamwita Bwana Shamba kwa sababu alikuwa anamkagua kila mtu akiingia. Nilimpenda siku ya kwanza. Mama, mtu unakaa mwaka mzima ugenini bila kuguswa na kiumbe chochote, halafu paka anakuja kukulalia kifuani na kunguruma. Nililia kimyakimya, nikajifanya ni jasho.

Wiki ya tatu ndipo nilipoona. Tulikuwa tumelala kwenye pumziko, nikafumbua macho kwa bahati tu. Paka wote wanane walikuwa wameondoka kwetu. Walikuwa wamekaa kwenye pembe ya upande wa korongo, wamejipanga nusu duara, wanaitazama sakafu. Hakuna aliyetikisa mkia. Vichwa wamevilaza upande, kama watu waliotega sikio mlangoni kwa jirani.

Nikadhani ni panya. Lakini paka akisikia panya hujikunja tayari kuruka. Hawa walikuwa wamekaa tu, kwa adabu.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Mwalimu akisema tulale, wao wanainuka mmoja mmoja na kwenda palepale. Nikasogeza mkeka wangu karibu na pembe ile, na tulipolala nikageuza kichwa nikaweka sikio sakafuni. Mama, nilisikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya kuendelea, inapanda na kushuka, kama mwanamke anayenong'ona rozari akiwa amejifunika mdomo kwa kanga. Nikajaribu kushika neno hata moja, sikupata.

Darasa lilipokwisha nikamwambia Mwalimu. Akapiga magoti, akaweka sikio, akakaa muda. Akasema hasikii kitu, na kwamba nyumba za zamani zina pumzi zake. Wengine nao wakajaribu. Hakuna aliyesikia. Mama Gilbert akacheka, akasema sisi wa Sumbawanga tunasikia hata maongezi ya kaburini. Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao.

Huo utani unaujua ulivyo. Tangu nifike huku, mtu akishajua natokea wapi lazima aniulize kama nilikuja kwa basi au kwa ungo. Nimewaeleza mara nyingi kwamba jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi, lakini wanasikia neno la mwisho tu. Si watu wabaya, ni mazoea. Ila baada ya siku ile nikaamua kufunga mdomo. Nikawa naenda, nanyoosha mgongo, na kwenye pumziko naweka sikio chini peke yangu na kusikiliza pamoja na paka. Kila wiki sauti ilikuwa imekua kidogo. Na kila wiki Bwana Shamba alikuwa akinitazama kwa lile jicho lake moja kabla ya kugeukia sakafu, kama anayehakikisha nimefika.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makali. Mwezi wa nne ilinyesha wiki nzima bila kupumzika, mlima hatukuuona hata kidogo. Jumamosi mvua ikakatika, ikabaki manyunyu na ukungu mzito. Tulipanda mimi na Mama Gilbert tukishikana mikono, maana hatua kumi mbele hapakuonekana kitu.

Tulipofika ghalani, paka walikuwa nje. Walikaa juu ya ukuta mfupi wa uani, wanane, wamelowa, manyoya yamewaganda mwilini. Unajua paka na maji, Mama. Mlango ulikuwa wazi na ndani pakavu. Mwalimu alikuwa amewawekea maziwa kwenye sahani ndani, akawaita, hakuna aliyeteremka. Hawakulia. Walikuwa wanatuangalia tukiingia, mmoja baada ya mwingine, vichwa vyao vinageuka kila mtu anapopita.

Siku hiyo tulikuwa saba pamoja na Bibi Anasia, mama mkwe wake Mwalimu. Bibi huyu ni mzee sana na masikio yake yalikufa zamani. Ukitaka kumwambia kitu unamshika mkono na kumwonyesha. Alikuwa akija kulala tu, na alipenda mkeka wa pembeni, kwenye pembe ileile ya paka.

Tulianza. Nilipoweka viganja chini kwa ajili ya kubinua mgongo, nikahisi kitu si cha kawaida, na sikujua ni nini. Nikalaza sikio. Kimya. Ile sauti niliyoisikia wiki tano haikuwepo. Nilibadilisha sikio, kimya vilevile. Siwezi kukueleza kwa nini kimya kile kilinitisha kuliko sauti yenyewe. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akinong'ona chini pale ameinua kichwa na kunyamaza kwa sababu ametusikia.

Nikapigana na nafsi yangu. Nilijua nikisema neno, utani utakoma kuwa utani. Nilimtazama Mama Gilbert, ndugu pekee niliye naye huku, nikajua nitampoteza. Kisha nikageuka mlangoni, nikamwona Bwana Shamba ameshuka ukutani. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja wa mbele ameuinua, anashindwa kuushusha ndani.

Nikasimama. "Tutokeni," nikasema. "Tutokeni sasa hivi."

Mwalimu akauliza kuna nini. Nikasema sijui, ila tutoke. Mama Gilbert akaja karibu na uso wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Felista, unaona nini?"

"Sioni kitu. Wamenyamaza."

"Nani wamenyamaza?"

Nikamtazama tena paka pale kizingitini. Nadhani uso wangu ulikuwa umebadilika, kwa sababu alirudi nyuma hatua mbili na kushika msalaba shingoni. Halafu akakimbia nje, na wengine wakamfuata hata viatu wakaacha. Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: hawakutoka kwa kuiogopa sakafu. Walitoka kwa kuniogopa mimi.

Nilipotoka nyuma yao, Mwalimu akapiga kelele kwamba Bibi amebaki. Bibi hakuwa amesikia chochote, alikuwa amelala na macho yake amefumba. Nikarudi. Nilipomshika bega alifumbua macho, akaniwekea kidole midomoni.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Wanaimba."

Yule bibi asiyesikia hata kengele ya kanisa. Alikuwa anatabasamu, na kidole chake kingine kinapiga mdundo kwenye mkeka. Sikungoja. Nikamwinua kama mtoto, na mgongo huu huu uliokuwa hauwezi kuinama ukambeba hadi uani. Tulipofika kwenye ule ukuta ndipo sakafu ilipoondoka. Nilitegemea mlio mkubwa. Haukuwepo. Ilikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, pembe ile kwanza, kisha katikati, kisha ukuta wa upande wa korongo ukainama na kwenda nayo. Maji ya kahawia yakapanda pale tulipokuwa tumelala. Mikeka ikazunguka juu yake mara moja, mara mbili, ikaelekea korongoni. Hakuna aliyelia. Tulisimama kwenye ukungu tukiwa peku, na paka wakaanza kujilamba manyoya.

Siku ile walinishukuru. Mwalimu alinikumbatia, wakaniletea chai. Wanaume wa pale wakachimba kesho yake, wakagundua kwamba chini ya ghala ulipita mfongo, mfereji wa wazee wa kuleta maji kutoka juu mlimani, uliozibwa miaka mingi kabla ghala halijajengwa. Mvua ziliufungua. Maji yalikuwa yakila udongo chini ya saruji kwa wiki nyingi, kisha takataka zikaziba njia, yakatulia na kujaa. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nikajua sasa kila kitu kina maelezo, yamekwisha.

Hayakwisha. Kiwandani nikasikia wakisema, "Maji tumeyaelewa. Yeye alijuaje?" Wiki ya pili viti vya pande zangu zote mbili vikawa vitupu. Mwenye nyumba wangu akaniuliza kwa upole kama nina ndugu mjini ninayeweza kuhamia kwake. Watoto wa uani walikuwa wakiniamkia shikamoo huku wanarudi kinyumenyume. Na Mama Gilbert akaomba meza nyingine. Hakuja kwangu, hakupokea simu. Tukikutana langoni alikuwa anainamisha kichwa na kukazana kutafuta kitu kwenye mkoba. Ndiyo yale mafua yangu, Mama.

Wakati huo ndipo Bwana Shamba alipotokea kwangu. Asubuhi moja nafungua mlango, amekaa nje anatazama kitasa. Kutoka Kibosho mpaka Pasua ni mwendo mrefu hata kwa mtu, na kuna barabara kuu katikati. Nikampigia Mwalimu, akaja kumchukua kwa kikapu. Siku tatu baadaye, yuko mlangoni. Majirani wakaona, na wewe unaweza kufikiri walisema nini. Nilitaka kumfukuza kwa jiwe. Nililiokota kabisa. Nikashindwa, nikampigia Mwalimu tena aje kumchukua.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya misa, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Gilbert, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Huku mtu akikuletea jani hilo amekuja kuomba msamaha, na wewe huruhusiwi kumkatalia, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Kumbe Bibi Anasia alimwita akamwambia kwamba kule chini alisikia wanawake wenzake waliokuwa wakibeba kahawa katika ghala lile akiwa msichana. Akamtajia majina yao mmoja mmoja, akamwimbia wimbo. Wote wamekufa. Akamwambia, "Kama Felista ni mchawi basi na mimi ni mchawi, njoo uniogope mimi pia."

Mama Gilbert alininyooshea lile jani kwa mikono miwili. "Nilikuogopa, Felista. Ningebaki mle ndani, leo nisingekuwepo kumwogopa mtu."

Nikalipokea jani. Tukakaa kitandani tukala ndizi alizoleta. Siku iliyofuata alirudi meza yetu, na mwingine akamfuata. Mwenye nyumba hajaniuliza tena habari ya ndugu. Si wote waliorudi, na wengine nadhani hawatarudi.

Darasa limeanza upya, sebuleni kwa Mwalimu, viti tunatoa nje. Jana nilikwenda kwa mara ya kwanza. Mgongo ulinyooka vizuri, tukacheka, Bibi Anasia akalala kwenye sofa. Tukafika kwenye pumziko. Nilifumba macho nikaahidi sitafumbua. Lakini nilihisi ukimya, nikafumbua.

Paka wote wanane walikuwa wamenizunguka. Hawakuja kunilalia. Walikaa nusu duara, mikia imetulia, vichwa upande, wananitazama kifuani. Walikuwa wanasikiliza.

Sikumwambia mtu. Nimekuandikia wewe leo kwa sababu usiku mzima nilikuwa nakumbuka kitu kimoja. Tulipokuwa tunaishi bondeni, karibu na ziwa Rukwa, nilikuwa na miaka sita au saba. Asubuhi moja uliacha kusonga ugali, ukaulaza mwiko, ukainama na kuweka shavu lako chini kwenye udongo wa jikoni. Baba akakuuliza, hukumjibu. Siku hiyohiyo ukatufunga mizigo, ukatupandisha mlimani kwa miguu mpaka kwa mjomba, na kila mtu kijijini akasema umerukwa na akili. Mafuriko yalipokuja kuchukua nyumba zile tulikuwa tayari huko juu, na sikumbuki hata siku moja uliyozungumza habari hizo. Sasa ninajua pia kwa nini hatukurudi kuishi na wale watu, na kwa nini shangazi zangu wa kule hawakuja kwenye ndoa ya Yustina. Walikuogopa, Mama, sivyo? Ukayabeba peke yako miaka yote hii.

Sikuulizi ili nikulaumu. Nakuuliza kwa sababu paka wale wananisikiliza mimi sasa, na ninataka kujua wanasikia nini, na kama wewe kuna mnyama yeyote aliyewahi kukukalia hivyo. Uliposhusha shavu lako pale jikoni, ulisikia sauti, au ulisikia kimya?

Nisalimie Yustina na mume wake, mwambie vitenge nimeviona na rangi nimezipenda. Msalimie mjomba aliyetupokea, umwambie namshukuru kwa kila kitu, yeye ataelewa. Wape pole majirani wa upande wa kisima kwa msiba wa mzee wao. Mpe shikamoo mama mdogo, na mjukuu wako wa mwisho umbusu kwenye kitovu kama anavyopenda. Mimi nitaendelea kwenda Kibosho kila Jumamosi, kwa sababu mgongo unahitaji, na kwa sababu sitaki kukimbia.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja. Hata kama ni neno moja.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Felista